Jinsi ya Kupima Kama Mti wa Dawa Unapunguza Uvimbe: Mwongozo Kamili kwa Mtafiti wa Nairobi

Ukipita soko la Kariokor au Gikomba utakuta mafungu ya mizizi na magome yamepangwa juu ya magunia, na muuzaji atakueleza bila kusita: huu ni wa magoti, huu wa mgongo, ule wa kifua. Maarifa hayo hayakuokotwa jana. Lakini kutoka "unasaidia magoti" hadi "unapunguza uvimbe" kuna kazi ya miezi mingi maabarani, na mara nyingi kazi hiyo huharibika kwa kukosa subira kuliko kwa kukosa mashine. Nimeandika mwongozo huu kwa mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara na mtafiti anayeanza, ambaye ana mti mkononi na hajui aanzie wapi.

Jambo moja nalitanguliza kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Jaribio lako lazima liwe na nafasi ya kukwambia hapana. Jaribio ambalo jani lolote la shambani lingefaulu haliupi mti wako sifa yoyote, wala halimfai mgonjwa.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: mukawa, ambao Waswahili huuita mtandamboo, Wajaluo ochuoga na Wamaasai olamuriaki. Jina lake la kisayansi ni Carissa spinarum. Unamea kuzunguka Nairobi yote, Ngong hadi Karura, na mizizi yake huchemshwa, mara nyingi ndani ya supu ya mifupa, kwa ajili ya viungo vinavyouma.

Unapima nini hasa?

Uvimbe ninaouzungumzia hapa ni ule wa mwili kujitetea: ngozi kuwa nyekundu, kupata joto, kufura na kuuma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Celsus wa Roma katika karne ya kwanza. Ndani yake kuna mambo mengi yanayopokezana. Dakika za mwanzo seli humwaga histamini na serotonini, mishipa midogo ikaanza kuvuja. Saa chache baadaye kimeng'enya kiitwacho COX-2 hutengeneza prostaglandini kwa wingi, na hapo ndipo uvimbe hukomaa. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel. Dawa moja inaweza kuzuia hatua ya kwanza na kuiacha ya pili ikiendelea kama kawaida.

Tena, kutuliza maumivu si kupunguza uvimbe. Mama anayesema goti limepoa baada ya supu ya mukawa anaweza kuwa amepoa maumivu tu, huku goti bado limefura. Andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kununua kemikali yoyote. Kwa mfano: "Je, mchemsho wa mizizi ya mukawa, kwa kiasi anachopewa mgonjwa, unapunguza uvimbe wa mguu wa panya ndani ya saa tano?" Sentensi hiyo itakuokoa mara nyingi.

Vibali, na haki ya aliyekufundisha

Wengi huliacha jambo hili mwishoni, wakakwama. Unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti ya taasisi yako, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Ukichukua mmea kwa ajili ya kuchunguza kemikali zake, kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za mwaka 2006 za kufikia rasilimali za kijenetiki na kugawana faida. Ukichimba ndani ya msitu wa serikali au hifadhi ya wanyama, zungumza na wenye msitu au KWS, shirika la wanyamapori, kwanza. Kwa majaribio ya wanyama, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inataka leseni. Maombi yasiyotegemeana yapeleke kwa wakati mmoja, usingoje kimoja kijibiwe ndipo uanze kingine.

Halafu kuna mtu aliyekuonyesha mti. Katiba ya 2010, kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde maarifa ya kiasili kuhusu viumbe na mimea, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria mahususi ya kulinda maarifa ya jadi. Kwa hiyo kaa na mganga wako mkaandikiane: maarifa ni ya nani, jina lake au la jamii yake litatajwa vipi, na kukipatikana faida itagawanywaje. Andika kwa lugha anayoisoma, na nakala moja abaki nayo. Mimi naona mtafiti anayeruka hatua hii ameshaiharibu kazi hata kama takwimu zake ni safi.

Katika mazungumzo hayohayo uliza maswali ambayo utayahitaji maabarani. Anachimba sehemu gani? Anatumia mzizi mbichi au mkavu? Kiasi gani kwa maji kiasi gani? Anachemsha kwa muda gani? Mgonjwa hunywa mara ngapi, na ni mgonjwa gani hampi? Mwombe akupimie kiasi anachompa mgonjwa mmoja, wewe uweke kwenye mizani. Namba hiyo utaiona tena hapa chini.

Utambuzi wa mmea

Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Mukawa una jamaa yake wa ukoo mmoja, Apocynaceae, aitwaye msunguti, Acokanthera schimperi. Yote miwili hubaki ya kijani mwaka mzima, ina majani magumu yanayokabiliana, utomvu mweupe, maua meupe yenye rangi ya waridi na harufu tamu, na matunda yanayoiva yakawa ya zambarau nzito. Tofauti iliyo wazi ni miiba: mukawa una miiba mirefu migumu, msunguti hauna. Na msunguti ndio ule uliotumiwa na wawindaji kupaka sumu kwenye mishale. Una ouabaini, sumu inayosimamisha moyo.

Sasa fikiria mizizi iliyokwisha kuchimbwa, ikakatwakatwa na kufungwa kwa kamba sokoni. Miiba iko wapi? Majani yako wapi? Ndiyo maana nasema usinunue malighafi ya utafiti sokoni. Nenda na mganga mpaka mti ulipo, uchimbe pale.

Kata tawi lenye majani, maua na ikiwezekana matunda. Libane ndani ya magazeti na mbao, ubadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Andika tarehe, mahali pamoja na nukta za GPS, aina ya udongo, jina la kienyeji na namba yako ya ukusanyaji. Peleka sampuli hiyo kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa: Hebaria ya Afrika Mashariki, ndani ya Makumbusho ya Kitaifa pale Museum Hill, au hebaria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Chiromo. Wataalamu wataitambua na kuipa namba ya kumbukumbu. Bila namba hiyo hakuna mtu atakayeweza kurudia kazi yako, na jarida zuri halitaipokea.

Chimba mizizi ya pembeni upande mmoja tu, kisha ufukie. Mti ukifa kwa sababu yako, mganga amepoteza duka lake la dawa.

Unga wa dawa uliokwisha sagwa una hatari nyingine pia. Dawa za mitishamba zilizochanganywa kwa siri na deksamethasoni au diklofenaki zimegunduliwa katika nchi nyingi. Ukipima unga kama huo utapata matokeo ya kupendeza kabisa, ila ni ya kidonge cha famasi.

Kukausha na kutoa dondoo

Osha udongo, kata vipande vyembamba, anika kivulini penye hewa. Kati ya Juni na Agosti Nairobi huwa na baridi na mawingu, na mizizi minene hushika ukungu katikati kabla haijakauka. Msimu huo tumia kabati la kukaushia kwa nyuzi 40, si zaidi. Kipande kikavu huvunjika kwa sauti. Kikipinda, bado. Kisha saga na uhifadhi unga kwenye chombo kikavu, mbali na mwanga.

Tengeneza madondoo mawili, yaani kile kinachovutwa kutoka kwenye mzizi kwa maji au kemikali. La kwanza ni la mganga: chemsha kama anavyochemsha yeye. Jiji letu liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwa kiasi cha nyuzi 94, si 100. Liandike hilo, maana mtu wa Mombasa akirudia kazi yako atakuwa na moto mkali zaidi. Chuja kwa kitambaa, kisha kwa karatasi ya Whatman namba 1, kisha ukaushe kwa mashine ya kugandisha na kukausha. Dondoo la pili ni la methanoli: gramu 100 za unga ndani ya lita 1, saa 48 huku ukitikisa mara kwa mara, uchuje, uvukize kwa rotavepa, mashine ya kuvukiza inayozungusha chupa, kwa nyuzi 40 mpaka methanoli iishe kabisa. Harufu ikisalia, haijaisha.

Kwa nini mawili? Kwa sababu methanoli huvuta vitu ambavyo maji hayavuti. Dondoo la methanoli likifanya kazi na la maji likashindwa, umejifunza jambo kuhusu kemia ya mti, lakini hujathibitisha dawa ya mganga. Makala nyingi hupima methanoli pekee kisha zikatangaza kwamba matumizi ya jadi yamethibitishwa. Sikubaliani nazo. Na kama mganga hutumia supu, kumbuka mafuta ya mifupa nayo huyeyusha vitu visivyoyeyuka majini. Ukiweza, andaa dondoo la tatu lililochemshwa na mafuta kidogo.

Pima uzito wa dondoo kavu na upige hesabu ya asilimia ya unga uliotumia. Tuseme gramu 100 zimekupa gramu 8: hiyo ni asilimia 8. Gawa dondoo kwenye vichupa vidogo na uhifadhi kwenye jokofu, kila siku ya kazi utoe kimoja. Stima ikipotea usiku, ni heri kichupa kimoja kiwe kimefunguliwa kuliko chupa nzima.

Sasa ongeza kitu ambacho wachache hufanya: nunua sukuma wiki, ikaushe, isage, itoe dondoo kwa njia ileile. Hakuna anayeinywa kwa ajili ya magoti. Ipitishe kwenye kila jaribio la bomba, yaani lile la vichupa vya maabara bila mnyama, pamoja na mukawa. Sukuma wiki ikifaulu kama mukawa, basi jaribio hilo halijakwambia kitu chochote kuhusu mukawa.

Majaribio ya bomba

Rahisi kuliko yote ni la ute wa yai. Changanya mL 0.2 za ute wa yai bichi, mL 2.8 za bafa ya fosfeti (maji yanayoshikilia kiwango cha asidi) yenye pH 6.4, na mL 2 za dondoo lililoyeyushwa. Weka nyuzi 37 kwa dakika 15, kisha nyuzi 70 kwa dakika 5, acha vipoe, usome kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaopita, kwa nanomita 660. Protini inapoharibiwa na joto huchafua mchanganyiko. Dawa inayoilinda huuacha ukiwa angavu zaidi. Linganisha na diklofenaki.

Linafaa kwa mazoezi ya mkono na kwa mchujo wa haraka. Kama ushahidi ni dhaifu. Dondoo la mizizi lina rangi yake ya kahawia inayokula mwanga, kwa hiyo kila dozi inahitaji bomba lake lenye dondoo na bafa bila ute, ili uitoe rangi hiyo kwenye hesabu. Tanini, zile kemikali za mimea zenye ukakasi, nazo hukamata protini na kuzigandisha, na hilo huvuruga usomaji wote. Jaribio hili likiwa ndilo pekee ulilo nalo, usiandike kwamba mti unapunguza uvimbe.

La pili ni la seli nyekundu za damu. Ukitumia damu ya binadamu unahitaji idhini na mtu asiyetumia dawa za uvimbe kwa wiki mbili zilizotangulia. Damu ya ng'ombe kutoka machinjio ya Dagoretti inafaa, mradi uikinge moja kwa moja kwenye chupa yenye maji ya Alsever ili isigande. Izungushe kwenye sentrifuji kwa mizunguko 3,000 kila dakika, kwa muda wa dakika 10, osha kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.85 mpaka maji ya juu yawe meupe, utengeneze mchanganyiko wa seli wa asilimia 10. Changanya na dondoo, pasha nyuzi 56 kwa dakika 30, zungusha tena, usome wekundu uliotoka kwa nanomita 560. Utando wa seli ukilindwa, damu haivuji. Angalia pia bomba lenye dondoo na seli bila joto: likigeuka jekundu, dondoo lenyewe linapasua seli, pengine kwa sababu ya saponini, kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni. Usilifiche tokeo hilo.

Lenye uzito ni la makrofaji, seli za kinga za panya ziitwazo RAW 264.7. Linahitaji chumba safi cha kukuzia seli, na kama idara yako haina, tafuta ushirikiano na taasisi yenye nacho, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ikiwa mojawapo. Seli huchokozwa kwa LPS, sumu ya bakteria, zikamwaga nitriki oksaidi. Baada ya saa 24 hupimwa kwa kemikali ya Griess kwa nanomita 540. Mitego ni miwili. Seli iliyokufa haitoi nitriki oksaidi, kwa hiyo kila sahani ya Griess iende na sahani ya MTT inayoonyesha seli ngapi ziko hai. Usipofanya hivyo utaiita sumu dawa. Wa pili ni kwamba mizizi hutoka udongoni ikiwa na bakteria, na LPS yao huweza kubaki ndani ya dondoo. Weka visima (vishimo vya sahani ya seli) vyenye dondoo bila LPS yako. Vikitoa nitriki oksaidi, dondoo limechafuka.

Dozi ianze kwa mgonjwa

Dozi za 100, 200 na 400 mg kwa kila kilo ya panya zimekuwa mazoea, na mara nyingi hakuna anayeeleza zimetoka wapi. Wewe anza na ile namba ya kwenye mizani ya mganga. Tuseme mgonjwa wa kilo 60 hupewa mchemsho wa gramu 10 za mizizi mikavu. Kwa mavuno ya asilimia 8, amekunywa gramu 0.8 za dondoo, yaani mg 13.3 kwa kila kilo. Mwili wa panya mkubwa hutumia dawa kwa kasi kuliko wetu, na kiwango kinachokubalika cha kubadilishia ni kuzidisha kwa 6.2. Unapata karibu mg 83 kwa kilo. Basi dozi zako ziwe kama 40, 80 na 160.

Geuza hesabu uone ubaya wa mazoea. Mg 400 kwa kilo ya panya ni sawa na mg 64.5 kwa kilo ya mtu, karibu gramu 3.9 za dondoo kwa mgonjwa yule wa kilo 60. Angehitaji gramu 48 za mizizi mikavu kwa mkupuo mmoja. Hakuna mganga anayempa mtu kiasi hicho, na kwa mti wenye jamaa kama msunguti, asithubutu.

Sumu kabla ya uvimbe

Anza na kipimo cha kemikali cha Keller-Kiliani, kinachofichua baadhi ya glikosidi za moyo, kemikali za mimea zinazouathiri moyo: asidi ya asetiki nzito, feri kloridi kidogo, kisha asidi ya salfuriki imiminwe taratibu ubavuni mwa bomba. Pete isipotokea usidhani uko salama, maana ouabaini haina aina ya sukari ambayo kipimo hiki hutafuta. Pete ya kahawia ikitokea katikati, simama. Rudi hebaria ukahakikishe utambuzi, na usimpe mnyama yeyote kitu mpaka ujue una nini.

Kisha fuata mwongozo namba 425 wa OECD, shirika la kimataifa linalotoa miongozo ya kupima sumu. Panya mmoja hupewa mg 2,000 kwa kilo kwa mdomo na kutazamwa kwa karibu, hasa nusu saa ya kwanza na saa nne za kwanza. Akiwa salama, wengine wanne hufuata, na wote hutazamwa kwa siku 14. Andika kupumua, kutembea, manyoya kusimama, kula. Usitosheke na "hakuna aliyekufa". Panya aliyezubaa au aliyeshuka presha huvimba kidogo kuliko mwenzake mzima, na utadhani ni dawa inayofanya kazi.

Jaribio la mguu wa panya

Njia iliyozoeleka ni ya karajinani, iliyoelezwa na Winter na wenzake mwaka 1962. Karajinani ni unga wa mwani unaochokoza uvimbe unaofuata ratiba: saa ya kwanza hadi ya pili ni ya histamini na serotonini, saa ya tatu hadi ya tano ni ya prostaglandini. Ratiba hiyo ndiyo inayokusaidia kusoma dondoo lako limegusa wapi.

Wanyama watoke kwenye kituo chenye idhini, kama vile vya vyuo vikuu. Panya wa Wistar wa gramu 150 hadi 200 wanafaa. Wape siku 7 wazoee chumba. Makundi matano ya panya 6 yanatosha kwa kawaida: la kibebeo tupu (kimiminika cha kubebea dondoo, bila dondoo), la indomethasini, dawa inayojulikana ya uvimbe, mg 10 kwa kilo, na matatu ya dozi zako. Panya 30 ni viumbe 30 hai. Kama hesabu yako ya takwimu inaonyesha wachache wanatosha, tumia wachache.

Wagawe kwa bahati nasibu, si kwa kunyakua aliye karibu na mlango wa kizimba, maana hao ndio wapole au wagonjwa. Mwenzako ayape madondoo herufi na afunge orodha. Anayepima mguu asijue herufi ina maana gani mpaka hesabu ziishe.

Siku moja kabla, andaa karajinani ya asilimia 1 kwenye maji ya chumvi ili inywe maji na kulainika. Panya walale bila chakula lakini maji wawe nayo. Asubuhi chora mstari wa kalamu isiyofutika kwenye kifundo cha mguu wa nyuma wa kila mmoja. Mstari huu mdogo ndio uhai wa jaribio: mguu utazamishwa kwenye kipimaji cha ujazo mpaka hapo, kila saa, kina kilekile. Mshike panya kwa taulo, mguu unyooke, usubiri atulie kabla ya kusoma. Soma mara tatu uchukue wastani. Kila mguu ukitoka huondoka na matone, kwa hiyo jaza maji ya kifaa upya kila baada ya panya wachache. Kama huna kipimaji, kaliba ya dijitali inayopima unene wa mguu itakufaa, mradi mkono uwe wa mtu mmoja siku nzima.

Baada ya kusoma saa sifuri, mpe dondoo kwa mdomo, mL 10 kwa kila kilo. Panya wa gramu 180 kwenye dozi ya mg 80 kwa kilo anahitaji mg 14.4 ndani ya mL 1.8, yaani mchanganyiko wa mg 8 kwa mL. Subiri saa moja, kisha mdunge mL 0.1 za karajinani chini ya wayo kwa sindano nyembamba. Pima saa ya 1, 2, 3, 4 na 5.

Usimpe dondoo kwa kumdunga tumboni kwa sababu ni rahisi. Dondoo linalochoma tumboni huvuta nguvu za mwili kwenda huko, na mguu huvimba kidogo kwa sababu hiyo tu. Mgonjwa anakunywa, basi panya naye anywe.

Kazi ikiisha, wanyama wamalizwe bila maumivu kwa njia iliyoidhinishwa, na mwenye ujuzi.

Kusoma hesabu

Kwa kila panya, toa ujazo wa saa sifuri ili upate ongezeko. Tuseme saa ya 3 kundi la kibebeo limeongezeka mL 0.80 na kundi la mg 80 mL 0.48. Tofauti ni 0.32, ukigawa kwa 0.80 unapata uzuiaji wa asilimia 40.

Kabla hujafurahi, tazama indomethasini. Kama haikupunguza uvimbe, siku hiyo jaribio halikufanya kazi, na tokeo la mukawa, liwe zuri au baya, halihesabiki. Tazama pia kundi la kibebeo: kama halikuvimba vya kutosha, hakukuwa na kitu cha kuzuia.

Watu wengi hupiga ANOVA, hesabu ya kulinganisha wastani wa makundi, ya kila saa peke yake, saa tano mara tano, kisha huchagua saa iliyowapendeza. Usifanye hivyo. Chukua eneo chini ya mstari wa saa zote tano kwa kila panya, piga ANOVA moja, kisha linganisha kila dozi na kibebeo kwa njia ya Dunnett. Programu ya R haina malipo na inafanya yote hayo. Onyesha nukta ya kila panya kwenye mchoro, si nguzo tupu.

Dozi ikipanda na uzuiaji ukipanda nayo, una jambo. Dozi ndogo ikishinda kubwa, angalia upya mchanganyiko wako: dondoo la mizizi hutuama chini ya chupa, na pengine panya wa mwisho walipata matope na wa kwanza walipata maji. Kama mukawa umeshindwa kwenye mguu wa panya lakini mganga ana wagonjwa wanaopata nafuu, hatua inayofuata ni vipimo vya maumivu, si kuongeza dozi mpaka kitu kitokee.

Kufaulu nako kuna mipaka. Umeonyesha kwamba dondoo hili linapunguza uvimbe wa ghafla kwa panya. Ugonjwa wa baridi yabisi hudumu miaka. Utahitaji mifano ya uvimbe wa muda mrefu, vipimo vya sumu vya siku 28 au zaidi, na kutenganisha dondoo kwa heksani na ethili asetati huku ukipima kila sehemu. Kuwapa watu ni jambo jingine kabisa, lenye kamati zake na Bodi ya Famasia na Sumu. Usimpe jirani wala mzazi wako mwenye goti lililofura, hata akikuomba.

Kurudisha matokeo

Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili au lugha ya mganga, upeleke mwenyewe kabla ya kuwasilisha tasnifu. Mwonyeshe kiasi ulichopima na alichokuwa akitoa, mchoro wa nukta, na namba ya hebaria ya mti wake. Muulize kama anayaona matokeo yanafanana na anayoyaona kwa wagonjwa. Jibu lake mara nyingi ndilo swali la utafiti unaofuata. Tokeo la "hapana" nalo lichapishwe au liwekwe kwenye hazina ya chuo pamoja na data ghafi, ili mwanafunzi mwingine asiue panya wengine 30 kwa swali lililokwisha jibiwa.

Na kama popote njiani umeona dalili ya glikosidi za moyo, au hebaria imekwambia kwamba baadhi ya mizizi uliyoletewa ni ya msunguti, usingoje ukurasa wala tasnifu. Mpigie mganga simu siku hiyohiyo, umweleze mzizi umetoka shamba gani, na umwombe azuie fungu hilo lisimfikie mgonjwa mpaka mtakapokwenda pamoja kuangalia miiba.